Kitambaa cha Mama Kerstin

Kila mwaka, theluji ilipokwisha kuyeyuka, Märit na mumewe Elof walipandisha ng'ombe wao kwenye malisho ya juu. Huko kulikuwa na kibanda cha magogo, zizi, na jiko la mawe. Moshi wa jiko hilo ulikuwa umeingia katika kila ubao, hata kibanda kizima kilinuka moshi na jibini. Asubuhi Märit alikamua. Mchana alitengeneza jibini. Jioni alisimama mlangoni akawaita ng'ombe kwa wimbo mwembamba wa sauti ya juu, kama wanawake wa mkoa wao wa Jämtland walivyofanya tangu enzi na enzi.

Märit alikuwa na sauti nzuri, lakini haikufikia ya mama yake. Mama Kerstin alipoimba, hata ng'ombe wa jirani walikuja. Watu walicheka wakasema huyo mama ni mwizi wa mifugo asiyetumia kamba. Sasa Mama Kerstin alikuwa amefariki, na kila Märit alipofungua mlango wa kibanda mwanzo wa kiangazi, macho yake yalikwenda kwenye kigoda kilichokuwa karibu na jiko. Kigoda kilikuwa kitupu. Alikikalia mwenyewe, akajisikia mtoto tena.

Mama Kerstin hakuacha mali. Aliacha sufuria ya shaba, kigoda hicho, na kitambaa kimoja. Kilikuwa kitambaa cha kitani, kikubwa kama kiganja cha mkono, kilichoshonwa pembeni kwa uzi mwekundu.

Mgeni angekiona kitambaa hicho angekitumia kufutia meza. Lakini ndicho kilichokuwa roho ya nyumba. Kila mwisho wa kiangazi mama alikichovya kwenye mtindi, akakianika kivulini mpaka kikakauka, akakifunga kwenye karatasi safi na kukiweka kwenye kisanduku cha mbao. Kiangazi kingine kilipofika, alikitia kwenye maziwa ya kwanza, yakiwa bado na joto la ng'ombe. Asubuhi yake maziwa yalikuwa yameganda. Tena hayakuganda hivi hivi. Ukiinua kijiko, mtindi unakifuata, unavutika kama uzi. Märit alipokuwa mdogo alipanda juu ya kigoda ili aone uzi huo utafika wapi kabla haujakatika.

Chachu hiyo iliyokaa kitambaani ilitoka nyumba hadi nyumba. Mama Kerstin mwenyewe alipewa na jirani alipokuwa bibi harusi. Nayo ilikuwa na mwiko wake: anayepewa chachu hasemi asante. Akisema tu, chachu inakufa. Hupokea kimya, hugeuka, huenda zake.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja, Märit alihudhuria mkutano wa akina mama kijijini. Muuguzi aliwafundisha kuchemsha maziwa, maana maziwa mabichi huweza kubeba vijidudu vya magonjwa. Yalikuwa mafunzo mazuri. Lakini Märit aliondoka kabla ya mwisho, kwa sababu ng'ombe wake mmoja alikuwa karibu kuzaa. Akarudi nyumbani na nusu ya somo.

Basi kiangazi kilipofika, akachemsha maziwa kama alivyoambiwa. Mvuke ulipokuwa bado unapanda, akachukua kitambaa cha mama yake, akakitumbukiza humo humo. Aliona amefanya la maana mara mbili: maziwa yamesafika na kitambaa kimesafika. Baadaye akakitoa, akakikausha na kukirudisha kisandukuni, na maziwa yalipopoa kidogo akafanya jambo alilomwona mama yake akilifanya maisha yote. Alichovya kidole cha mwisho ndani ya chungu, akakoroga polepole, ili ajue kama joto linatosha.

Kidole hicho kilikuwa na kidonda. Kisu kilimponyoka alipokuwa akimenya viazi, na kwa kuwa kazi haikuisha, kidonda nacho hakikupona. Kilivimba na kutoa usaha. Märit alikuwa amekifunga kwa bendeji, lakini kwa ajili ya maziwa alikifungua. Mama hakuwahi kukoroga mtindi akiwa na vidole vilivyofungwa.

Asubuhi maziwa yalikuwa bado majimaji. Märit akayaacha karibu na jiko kutwa nzima, akayafunika blanketi, akayaacha tena usiku. Siku ya pili yakawa mazito kidogo. Hayakuvutika. Akajiambia labda nyasi za mwaka huu ndizo zilivyo.

Sikukuu ya katikati ya kiangazi ilifika. Elof alishuka kijijini kumchukua Shangazi Hulda, dada ya baba yake. Elof alifiwa na wazazi akiwa mtoto, na Hulda ndiye aliyemlea. Bibi huyo alikuwa amezeeka, lakini ulimi wake haukuzeeka. Walikaa nje juani wakala samaki wa chumvi na viazi vipya, kisha Märit akaleta bakuli la mtindi, na mikate mikavu ya kuvunjia humo, na tangawizi ya kunyunyizia.

Hulda aliinua kijiko. Akakitazama.

"Märit, mbona mtindi wako mchoyo mwaka huu? Hautaki kunifuata."

"Utakufuata tumboni, Shangazi," Elof akasema, na wote wakacheka.

Hulda alikula bakuli mbili. Elof alikula moja. Märit alikuwa akiwahudumia, na alipokaa, chombo kilikuwa kitupu. Chungu kingine kidogo cha mtindi huo huo kilikuwa kimebaki kwenye shimo la baridi chini ya sakafu, lakini hakujisumbua kukifuata.

Vyombo vilipokuwa bado vinaoshwa, Elof alishika tumbo akakimbilia nyuma ya zizi. Alipokuwa akitapika huko, Hulda alianza kutapika palepale kwenye kiti. Alitapika mpaka hakuna kilichobaki, akaendelea kutapika. Uso ulimwishia rangi, midomo ikakauka, na mikono ikawa baridi. Elof, mgonjwa hivyo hivyo, alimbeba mgongoni hadi barabarani lilipokuwa gari, na jirani mmoja akawaendesha hospitali ya mjini. Madaktari walisema ni sumu ya chakula, na huenda ilitoka kwenye mtindi. Walimtia Hulda maji kwa mishipa. Walisema angechelewa kidogo tu, mwili wake usingestahimili.

Elof alipata nafuu kesho yake. Alipanda mlima peke yake. Hakumsalimu mkewe. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku, akatoa kitambaa, akasimama mbele ya moto.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Leo nimeiona nguo yenyewe."

"Elof, usifanye hivyo. Ndicho alichoniachia mama."

"Na mimi mama yangu ni yule aliyelala hospitali. Akiondoka, kitambaa kitaniletea mwingine?"

 Märit alijua mumewe ana haki ya kukasirika. Lakini alipouona ule uzi mwekundu karibu na ndimi za moto, moyo ulimuuma kana kwamba anamzika mama yake mara ya pili. Akamshika Elof mkono.

"Mpe Dagny wa maabara akipime kwanza. Akisema ndicho chenye sumu, nitakichoma mimi, kwa mkono wangu. Sitakulaumu hata siku moja."

 Elof akakitupa kitambaa mezani, akatoka nje.

Dagny alikuwa jirani yao wa kibanda cha chini. Yeye na Märit walikua pamoja, wakichunga ndama pamoja na kuibiana kanda za nywele. Siku hizi alifanya kazi katika maabara ya maziwa na mifugo mjini, lakini kila kiangazi alirudi mlimani kupumzika. Alikuja mara tu alipoitwa. Hakuja na lawama. Alikuja na mkoba wenye chupa ndogo na vijiti vya pamba.

Aliuliza mambo mengi: maziwa yalichemshwa vipi, kitambaa kilitiwa lini, chungu kilikaa wapi. Alichukua mtindi kidogo kutoka kile chungu cha shimoni. Kisha akatazama aproni ya Märit.

"Na mkono huo, mbona unafichwa?"

"Ni kidonda kidogo tu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulete hapa."

Märit akautoa. Dagny alipitisha kijiti cha pamba juu ya usaha, akakitia chupani, akakisafisha kidonda na kukifunga vizuri. Mwisho akachukua mkasi na kukata kitambaa katikati. Märit alifumba macho. Dagny akamweleza kwamba nusu itakwenda maabara, na nusu nyingine atajaribu kuifufua chachu yake jikoni kwake, kwa sababu kinachokuzwa maabara hakiliwi na mtu.

Baada ya siku chache Märit alishuka mjini kumtazama Hulda. Kabla hajafika hospitali, alipitia maabara.  Alikuwa na kibiriti kwenye mfuko wa koti, kwa sababu ahadi ni deni.

Dagny alimvalisha koti jeupe na kumwonyesha visahani vitatu vyenye jeli. Kimoja kilipakwa mtindi, cha pili usaha wa kidole, cha tatu kitambaa. Vilikuwa vimekaa kwenye kabati yenye joto, na vijidudu vilikuwa vimezaliana mpaka vikaonekana kwa macho, madoa madogo juu ya jeli. Kwenye visahani viwili vya kwanza madoa mengi yalikuwa na rangi ya dhahabu. Kwenye cha kitambaa yalikuwa machache, madogo na meupe.

"Kwa hiyo umeshamjua?" Märit aliuliza.

"Bado. Rangi ni koti tu, na koti huazimwa. Mgeni akija kwako usiyemjua, unamjuaje?"

"Nitamuuliza."

"Huyu hasemi. Basi mpe chakula. Angalia anakula nini, anakataa nini, na anaacha nini mezani. Bakteria hujulikana hivyo hivyo."

Akamwonyesha kwanza kwenye hadubini. Vijidudu vilikuwa vimetiwa rangi ya zambarau. Wale wa mtindi na wa kidole walikuwa mviringo, wamerundikana kama matunda kwenye kichala. Wale wa kitambaa nao walikuwa mviringo, lakini wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine, kama shanga kwenye uzi.

Kisha Dagny akachukua vipande vitatu vya kioo. Juu ya kila kimoja akapaka doa kutoka kisahani kimoja, akadondosha tone la dawa inayotumika kuoshea vidonda. Doa la mtindi likatoa povu. Doa la kidole likatoa povu. La kitambaa likakaa kimya. Märit akainama karibu, akasubiri. Kimya.

"Hao wenye povu wana uwezo wa kuivunja dawa hii, na hewa inatoka," Dagny akaeleza. "Wale wa mtindi wa kweli hawana uwezo huo. Si jamaa moja kabisa."

"Basi ni wale wenye povu waliomtapisha Shangazi."

"Usikimbie. Kuna ndugu zao wengi wapole wanaokaa kwenye ngozi zetu, nao wanatoa povu. Hatumfungi mtu kwa sababu anafanana na mwizi."

Ndipo alipotoa vichupa vyembamba. Ndani yake alikuwa ametia maji ya damu ya sungura tangu asubuhi. Kimoja hakikutiwa kijidudu chochote, ili wawe na cha kulinganishia. Dagny akakiinamisha, na maji yakamwagika upande. Akainamisha kile kilichotiwa kijidudu cha mtindi. Hayakumwagika. Yalikuwa yameganda. Cha kidole nacho kilikuwa kimeganda vilevile. Wale ndugu wapole hawawezi kugandisha damu. Halafu akaonyesha jeli nyekundu yenye chumvi nyingi na sukari ya aina yake. Vijidudu vingi hushindwa na chumvi hiyo. Hawa wa dhahabu waliistahimili, wakaila sukari, wakaigeuza jeli kuwa ya manjano.

"Sasa ndiyo namtaja," Dagny akasema. "Anaitwa stafilokoki wa dhahabu. Hukaa puani na kwenye vidonda vyenye usaha. Akiingia kwenye chakula chenye joto na akapewa muda, anatengeneza sumu. Huioni, huinusi, wala haibadilishi ladha."

Märit alikaa chini. Macho yakajaa machozi.

"Kwa hiyo si kitambaa. Ni mimi."

"Ni kidonda, Märit."

"Kidonda changu. Nilichovya mwenyewe." Akakitazama kidole chake. "Lakini mama alichovya kidole kila siku, na hatukuugua."

Dagny akavuta kiti akakaa karibu naye. Akamwambia kwamba Mama Kerstin alikuwa na bahati, lakini pia alikuwa na walinzi. Wale wadogo wa kitambaa, wakiwa hai na wengi, huyafanya maziwa kuwa machachu upesi. Stafilokoki hastawi vizuri kwenye uchachu huo. Märit alifanya vyema kuchemsha maziwa. Kosa lilikuwa kukitia kitambaa kabla hayajapoa. Walinzi wengi walikufa kwa moto. Kisha kidole kikamleta mwizi, na chungu kikakaa karibu na jiko siku mbili, kikimpa joto na muda.

"Na kama ningeuchemsha ule mtindi kabla ya kuwapa?"

"Kijidudu kingekufa. Sumu yake ingebaki, maana huuvumilia moto. Maziwa yasipoganda kwa wakati wake, dawa yake ni kuyamwaga."

Märit alikitazama kile kisahani cha tatu, chenye madoa machache meupe. Akauliza kwa sauti ndogo kama hao waliobaki watatosha. Dagny hakumdanganya. Alisema ile nusu ya jikoni kwake ilikuwa kwenye maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, na mpaka asubuhi hiyo maziwa yalikuwa bado majimaji.

Hospitalini, Hulda alikuwa ameinuliwa kwenye mito, mwembamba kuliko zamani. Märit hakuzunguka. Alimwambia yote, kuanzia kisu cha viazi hadi damu ya sungura, akamwomba radhi. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia mtindi haunifuati," alisema. "Ningekuwa na akili, ningekiweka kijiko chini. Tamaa yangu nayo ina kesi ya kujibu."

Kisha akamshika mkono, ule uliofungwa, akaanza kumhadithia juu ya Mama Kerstin alipokuwa msichana, jinsi alivyoimba siku moja hadi fahali wa mchungaji wa kanisa akavunja ua. Märit alicheka huku akilia. Alitamani kibanda, moshi, na mama juu ya kigoda, na alitamani hasa kwamba asiwe yeye aliyeizima chachu ya mama yake.

Elof alisikia majibu ya vipimo. Kesho yake alishuka kijijini akarudi na kipimajoto cha maziwa, akakitundika ukutani kando ya sufuria ya shaba.  Märit alielewa kwamba huko ndiko kuomba radhi kwake. Tangu siku hiyo hakuna kidole kilichoingia chunguni. Maziwa yalichemshwa, yakapozwa hadi vuguvugu, na kipimajoto ndicho kilichosema tayari. Mwenye kidonda mkononi hakugusa maziwa. Kidole cha Märit kilikuwa bado kinapona, kwa hiyo Elof ndiye aliyekamua na kutengeneza jibini, na ng'ombe walimshangaa.

Wiki zikapita. Dagny alibaki kazini mjini, na habari za kitambaa hazikuja. Märit hakuthubutu kuuliza. Matunda ya porini yaliiva, majani ya miti ya betula yakaanza kugeuka rangi. Hulda alitoka hospitali akaomba apandishwe mlimani, maana alisema chakula cha kijijini hakina ladha.

Walikuwa wamekaa nje, ng'ombe wamekwisha kurudi zizini, Dagny alipotokea njiani. Mkononi alishika chupa ya maziwa na kibahasha cha karatasi. Aliketi, akavuta pumzi, akasimulia. Mara ya kwanza maziwa hayakuganda, akayamwaga. Akajaribu tena kwa maziwa mapya. Yakaganda kidogo. Akachota kidogo humo, akakitia kwenye maziwa mengine, na hivyo hivyo, kila mara kwa haraka zaidi, mpaka walinzi wakawa jeshi. Kisha aliyapima yote upya maabara. Hakukuwa na doa la dhahabu, wala povu, wala kuganda kwa damu ya sungura. Ndani ya kibahasha kilikuwamo kitambaa kipya cha kitani, kimechovywa na kukaushwa. Juu yake Dagny alikuwa ameshona ile nusu ya zamani yenye uzi mwekundu, baada ya kuichemsha.

Alimmiminia Hulda bakulini mtindi uliokuwa chupani.  Bibi akazamisha kijiko, akakiinua. Mtindi ukakifuata. Ukavutika juu, ukavutika, uzi mrefu mweupe, mpaka Hulda akalazimika kunyoosha mkono.

"Haya," akasema. "Sasa unanijua."

Elof alisimama, uso umejaa furaha, akafungua mdomo ili amshukuru Dagny. Märit akamkanyaga mguu.

Kisha Märit akapokea kibahasha kwa mikono miwili.  Alijua sasa kwamba chachu hufa kwa moto na uchafu, wala haifi kwa neno. Hata hivyo hakulisema. Akageuka, akaingia ndani, akakiweka kwenye kisanduku cha mama yake. Dagny naye hakungoja. Alishika njia ya kuteremka.

Alipokuwa amefika mbali, Märit alitoka mlangoni. Akavuta pumzi, akaimba wimbo wa kuita ng'ombe, kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo. Ng'ombe wote walikuwa tayari zizini. Kule chini njiani Dagny akasimama, akainua mkono juu, kisha akaendelea na safari yake.